Kundi Lisilotukana

Kwenye soko letu la ndagala, dagaa wa ziwa, hapa Kalemie, bei haikuanza na hesabu, ilianza na tusi. Mama wa meza ya tatu akiniona natokea upande wa bandari, alinipokea kwa sauti ya kufika hadi kijiji cha Mpala: "Ona huyu, tumbo la watu wawili, anakuja kuniibia tena!" Nami namjibu kwamba ndagala zake zimekaushiwa kwapani. Akishanitukana mara tatu, najua leo tutauziana. Akinisalimu vizuri, ujue ana msiba.

Ilipokuja vita ya mishale kati ya makabila mawili, vijiji vya bara vikiwaka na watu wakimiminika mjini na magodoro kichwani, sisi wa soko tulifungua kundi la WhatsApp ili kuambizana barabara gani imefungwa, mtumbwi gani umefika salama kutoka Zongwe. Sheria tuliziazima kwa kundi la kwaya, kwa uvivu tu wa kuandika zetu. Ya kwanza ilisema: anayetukana atolewe papo hapo. Wasimamizi tulikuwa watatu. Mimi nilichaguliwa kwa sababu nahesabu kila kitu mara mbili, na watu walidhani hiyo ni akili.

Asubuhi moja muuza unga wa meza ya nne, jirani kabisa wa mama wa meza ya tatu, akaandika: "Bonjour wapendwa. Kwa heshima na upendo, tujiulize: mbona mama wa meza ya tatu hajafiwa na muntu hata mumoja katika vita hii? Ni watu wa kwao njo wanachoma vijiji. Tusinunue tena kwake. Mubarikiwe."

Nilihesabu. Heshima moja, upendo mmoja, baraka moja, matusi hakuna. Nikarudia, bado hakuna. Watu kumi na wawili wakaweka chini yake alama ya viganja vya kuomba.

Angeyasema hayo sokoni kwa mdomo wake, wamama wangemzomea mpaka aache unga wake akimbie. Ndani ya simu nani atakuzomea? Mama wa meza ya tatu alijaribu peke yake: "Mavi ya mbuzi wewe! Mama yako alikuzalia jalalani, na jalala likakukataa!"

Nikamtoa. Kidole changu hiki hiki. Hazikupita dakika mbili, na nilijiona mtu wa haki. Ujumbe wa muuza unga ukabaki palepale, msafi kama shuka la hospitali.

Siku ya tatu akaandika tena: "Wapendwa, kesho saa moja asubuhi vijana watusaidie kusafisha mustari wa meza. Mungu awalipe." Hakuna aliyedhani ni kazi ya ufagio. Mimi pia sikudhani. Mama mwenyewe tu ndiye hakuusoma, maana nilikuwa nimemfungia mlango. Kutoka kwangu hadi kwake ni hatua mia mbili na kumi. Nimezihesabu baadaye, kwenda na kurudi. Siku ile sikutembea hata moja.

Asubuhi vijana waliivunja meza yake wakaifanya kuni. Ndagala zikakanyagwa matopeni. Yeye alichanwa juu ya jicho.

Niliwapigia wasimamizi wenzangu. "Tumutoe yule wa unga."

"Alitukana nani?" akauliza wa kwanza.

"Hakutukana. Alivunjisha meza ya muntu!"

"Papa, sheria inasema matusi."

Wa pili alinishauri nipunguze hasira, tena nichunge lugha yangu. Nikamwambia yeye na sheria yake ni mavi ya mbuzi. Nikaingia kundini, nikaliandika tusi lile lile chini ya baraka za muuza unga, herufi kwa herufi. Walinitoa kwa dakika moja, wamenizidi mwendo.

Leo wakisema makundi ya simu yasafishwe matusi, damu inanichemka. Tusi la mama yule halikumchana mtu juu ya jicho. Ondoeni kwanza hao wanaoanza na "wapendwa".

Mwezi ukapita, nikamkuta mama wa meza ya tatu karibu na daraja la Lukuga, amepanga ndagala juu ya gunia, chini. Kovu lilikuwa bado jekundu. Nikasimama, nikamtolea tumbo makusudi. Nikamwambia ndagala zake zinanuka kwapa.

Akaangalia mizani yake.

"Bonjour, Papa," akasema. "Unapenda kilo ngapi?"

Akanitajia bei, na ilikuwa ya haki. Sikuwa na pa kuipunguza.