Kifini cha Mapokezi

Mdogo wangu alifariki Ufini na akazikwa hukohuko. Alikuwa ameondoka kambini Lukole, tulikokimbilia kutoka Burundi, akiwa kijana, wakati baadhi ya wakimbizi walipokuwa wakichukuliwa kwenda Ulaya. Sisi wengine tulihamia kijijini Bugarama, kwa ndugu wa baba, tukalima. Huko alikokwenda alioa, akapata binti mmoja. Alipokufa, mtoto huyo alikuwa ndiyo kwanza ameanza shule.

Mimi nafanya kazi ya mapokezi katika gesti moja pale Nyakanazi. Madereva wa malori huingia jioni na kuondoka alfajiri, kwa hiyo mchana mtu hubaki na kaunta na funguo zake. Nilikuwa nimekaa hivyo ulipoingia ujumbe wa shemeji. Aliuandika kwa lugha yao, simu ikaugeuza kuwa Kiswahili cha namna yake: "Sisi tunakuja kuangalia bibi ya mtoto ndani ya likizo." Nilipopata nafasi nikaenda Bugarama, nikamweleza mama kwa Kirundi. Mama alikuwa anamenya ndizi. Aliuliza mtoto anasema lugha gani.

"Kifini tu, mama. Kiingereza bado."

"Na mama yake?"

"Kifini na Kiingereza."

"Wewe Kiingereza unakijua?"

"Cha kumwonyesha mtu chumba."

"Basi jifunze hicho cha mtoto," alisema, akachukua ndizi nyingine.

Nikaweka programu ya kujifunzia kwenye simu. Somo la kwanza lilikuwa salamu, *hyvää päivää*, na ile y yao hutamkwa midomo ikiwa imebinuka kama ya mtu anayepuliza chai. Dereva mmoja wa Burundi aliyekuwa anasubiri kutengenezewa gari alinisikia nikirudia.

"Hicho ni kilugha cha wapi?"

"Ufini."

"Unahamia huko?"

"Hapana. Wao ndio wanakuja."

Alinitazama kidogo, kisha akaenda kutafuta chakula.

Mambo mengine yalikuwa mepesi kuliko nilivyotarajia. Hawana neno la mwanamume na lingine la mwanamke. Yeye ni *hän*, basi. Nyumba ni *talo*, na ukiwa ndani yake ni *talossa*, mkia unaongezwa mwishoni kama sisi tunavyosema nyumbani. Halafu nikakuta neno *setä*. Kwa Kiingereza mimi ningekuwa anko tu, sawa na kaka wa mama yake au mgeni yeyote mwenye mvi. Wafini wana neno la ndugu wa kiume wa baba, na la ndugu wa kiume wa mama wana jingine. Nilirekodi sauti, nikamtumia shemeji ili amsikilizishe mtoto: *Minä olen setä.* Mimi ni baba mkubwa.

Mtoto alijibu kwa sauti yake mwenyewe, haraka haraka, na sikuambulia kitu. Lakini tangu siku hiyo akawa mwalimu wangu. Nilipomwambia kwamba bibi anapika kwa upepo, alicheka mpaka akakohoa. Nilitaka kusema moto. Moto ni *tuli*, upepo ni *tuuli*, na mimi nilikuwa nimeirefusha u pasipotakiwa. Alinirudishia yote mawili polepole, moja baada ya jingine, kama anayemfundisha mtoto mdogo. Hapo ndipo nilipotambua kwamba Kirundi nacho hurefusha hivyo, na neno likabadilika maana. Shule za Kiswahili ndizo zilizonisahaulisha. Nilimweleza mama.

"Kumbe ni watu tu," alisema.

Walifika kwa gari la kukodi kutoka Mwanza, nami nikaingia hapo Nyakanazi kuwaelekeza njia. Mtoto alikuwa na paji la uso la mdogo wangu. Nilimsalimia, akaitikia chini chini, akageukia dirisha. Njia nzima nilitaja nilivyovijua: ng'ombe, mlima, mvua. Yeye alisahihisha baadhi.

Kesho yake shemeji alikuwa bado amelala kwa uchovu wa safari. Mtoto alikaa jikoni na mama, wanachambua maharage, kila mmoja akisema kwa lugha yake na mwingine akiitikia kwa kichwa. Nilipoingia, mama hakuacha kuchambua.

"Muulize baba yake alikufaje. Kama aliumia."

"Mama, maneno hayo sina."

"Muulize kwa uliyo nayo."

Nilikuwa na neno la baba, *isä*, na *kipeä*, la mtu anayeumwa. Nikayaweka pamoja na sauti ya kuuliza. Mtoto aliacha maharage. Alijibu kwa kirefu, akinitazama mimi, kisha mama, kisha mimi. Nilishika hapana mwanzoni, halafu *nukkui*, alilala, halafu theluji. Mengine yalinipita.

"Anasema hapana," nikamwambia mama. "Anasema alilala. Kuna kitu amesema kuhusu theluji, sikukielewa. Nimeshika hayo tu."

"Alilala," mama alisema. Akalirudia kwa sauti ya chini, akamsogezea mtoto ungo.

Walikaa Bugarama mpaka likizo ilipokaribia kwisha, wakaondoka. Mimi nikaendelea na masomo pale kaunta, ingawa hakuna aliyekuwa ameniambia niendelee. Baada ya miezi kadhaa niliunda swali zima, nikamtumia mtoto, nikimwomba arudie polepole yale aliyosema jikoni. Alirudia. Kitanda cha baba yake kilikuwa karibu na dirisha. Theluji ilikuwa inaanguka, mtoto akapanda kitandani amwonyeshe, lakini baba alikuwa amelala, naye hakumwamsha. Alijilaza pembeni yake, akaitazama theluji peke yake.

Nilikwenda Bugarama kumweleza mama. Alisikiliza mpaka mwisho, akaomba nianze upya, nikaanza upya.

"Mwambie nimesikia," alisema.

Nikatoka uani na simu. *Mummo kuuli*, bibi amesikia. Neno hilo *kuuli* linatofautiana kidogo sana na *kuoli*, amekufa, kwa hiyo nililijaribu pembeni mpaka nilipokuwa na hakika nalo, ndipo nikalituma.