Turubai la Rangi ya Mchanga

Saa moja na nusu asubuhi, soko la nguo bado linapiga miayo, lakini fundi wa maturubai yuko juu ya ngazi, kamba ameibana kwa meno, akivuta turubai la rangi ya mchanga.

"Wifi, vuta kwako," anasema akiitoa kamba mdomoni. "Vuta kama mtu aliyeshiba."

"Chai yenyewe umeninyima," anajibu wifi yake huku akicheka, "nguvu nizitoe wapi?"

Wanacheka, kisha wanavuta tena. Asubuhi hii wauza nguo wa mstari huu, vibanda ishirini na vinne, wanaamua kama watampa kazi ya kuwafunika wote au watabaki na maturubai yao ya bluu. Kazi kubwa hivyo hajawahi kuipata.

Sokoni fundi huyu wanamwita Bi Kaki. Kwa miaka tisa ameshona vifuniko vya kaki, vya kijivu na vya rangi ya mchanga: vya malori, vya saruji, vya pikipiki, hata cha kochi la mama mkwe wake paa lilipokuwa likitengenezwa. Wiki ikiwa nzuri anauza vitatu. Ikiwa mbaya, anashona viraka.

Bluu hataki hata kuisikia. "Chini ya bluu kila kitu kinageuka rangi," anasema. "Nyanya zinaonekana zinaumwa. Shuka la rangi ya maziwa linaonekana jeupe pe."

Muuza mashuka, ambaye ndiye mwenyekiti wa mstari, anaitikia kwa kichwa. "Mwezi uliopita nilirudishiwa mashuka saba. Na mimi nilikuwa nimewaapia wateja kwamba ni meupe."

Lakini mwenyekiti huyo ana kinyongo chake. Juma lililopita Bi Kaki alitundika turubai la majaribio hapahapa, na mvua ya kwanza ikaingia. Vipande viwili alikuwa amevipandanisha kinyume: mdomo wa mshono ukatazama juu ya mteremko, ukayapokea maji badala ya kuyapitisha. Mashuka manne yakalowa. Aliyafua mwenyewe, akayapiga pasi, akafumua mshono wote.

"Nimempa nafasi moja zaidi tu," anasema mwenyekiti. "Haya, leteni maji."

Ndoo ya kwanza inamwagwa. Maji yanateleza juu ya mshono, yanamwagika kwenye mfereji. Ya pili. Ya tatu. Mwenyekiti anapitisha kiganja chini ya turubai, taratibu, kama anayempima mtoto homa.

Kikavu.

Kisha anainua mashuka mawili kwenye mwanga mtulivu wa chini ya turubai: jeupe, na la maziwa. Hata aliye ng'ambo ya njia anayatofautisha.

"Vibanda vyote," anasema. "Kabla mvua kubwa hazijaanza. Na ukikosea, mwanangu, utafua mpaka vidole viishe."

Bi Kaki anashuka ngazi, anamkumbatia wifi yake wakazunguka nusura waiangushe ngazi.

Anajua fika kilichomponza juma lililopita. Anashonea sebuleni, turubai likiwa limekunjwa mapajani, hivyo juu na chini anakisia. Kwa kazi hii atapanga chumba kirefu kule barabarani. Amekwisha kukipima kwa hatua, mara mbili.

"Nitalitandaza turubai lote sakafuni," anasema, mikono ameitanua mpaka mwisho. "Nione mshono unakotoka na unakokwenda, ndipo niwashe cherehani."