Nilivyozidisha mzigo chini ya Ziwa Tanganyika mbele ya mtani wangu Mzaramo

Wakuu, salaam kutoka Ipuli, Tabora. Haya yamenikuta mwenyewe, sijapiga fiksi hata mstari mmoja.

Nilipanda treni kwenda Ujiji kumpelekea shangazi dumu la asali. Njiani nikasikia kuna boti ya mizigo iliyozama zamani karibu na ufukwe, kina mita sita tu, na watu wanaizamia kwa mitungi ya hewa.

Nikatoka stesheni moja kwa moja hadi ziwani, dumu mkononi.

Mwalimu wa kuzamia akawa Mzaramo. Mnajua sisi Wanyamwezi na wao ni watani toka enzi za misafara, babu zetu walipobeba mizigo hadi pwani. Akanifunga mtungi mgongoni, akasema:

"Mpagazi, leo umepata saizi yako. Ukishindwa sema, nitakubebea."

Ikaniuma. Mimi nishindwe mzigo mbele ya Mzaramo?

Sasa, kuna mkanda wa vipande vizito vya madini ya risasi unavaa ili usielee. Alipogeuka, nikaokota vingine viwili, nikavichomeka mifukoni mwa jaketi langu la kuzamia.

Msicheke bado.

Kule chini ni raha. Injini imeota majani, samaki wa njano na wa milia wanapita dirishani kama wenye nyumba. Mmoja alivyotuona akawakusanya watoto wake wote mdomoni.

Nikataka kupanda kidogo. Wapi! Nikapiga miguu, tope likatimka, sioni hata mkono wangu. Pumzi zikaanza kwenda mbio, na mwili hauinuki. Niliogopa, sifichi. Nilijua nafia pale kwa sifa.

Mkono ukanishika bega. Mzaramo akanipapasa, akavikuta vile vipande, akavihamishia mfukoni kwake. Akasubiri nitulie, tukapanda taratibu.

Juu nilitegemea kufokewa. Akaviweka miguuni pangu.

"Haya, nimekubebea. Ujira wangu?"

Akachukua dumu. Mtani akichukua utamwambia nini?

Nikafika kwa shangazi mikono mitupu, nikamweleza yote. Akauliza, "Na huyo aliyekutoa amekula?" Akanirudisha nikamwite.

Mzaramo akaja kula ugali na migebuka, samaki wa ziwa lile. Dumu letu kalibeba kichwani, kutoka ziwani hadi mlangoni.

Funzo nililopata: ukiulizwa kama mzigo umezidi, jibu ukiwa bado nchi kavu.

Wenye watani waliowahi kuwaokoa, uwanja ni wenu.