Ng'ombe Hawaonekani

Mafumbo ya kwenye simu yalikuwa wazo langu, nakiri mapema. Kaka yangu wa Itiryo, wilayani Tarime, anatumia dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI, na mimi ndiye niliyeandikwa kwenye faili lake kama msaidizi wa karibu, yule anayepigiwa simu mgonjwa asipoonekana kliniki. Pale kwake aliyejua ni mkewe tu. Siri hiyo kaka aliilinda kuliko alivyoilinda afya yake.

Mwaka juzi alikwenda msibani kwa ndugu zetu ng'ambo ya mpaka, akaacha kopo la dawa nyumbani, kwa sababu vidonge vinalia kwenye begi kama njuga. Alikusudia kukaa siku tatu, akakaa mwezi. Aliporudi akaona aibu kumweleza muuguzi, na aibu ikala miezi mingine minne. Muuguzi wa kliniki yake kule Bomani alinipigia mpaka nikaanza kuiogopa namba yake. Mwishowe nilimfuata kaka, nikampeleka, akapokelewa bila ukali, akaanza tena.

Damu ilipochukuliwa kupimwa wingi wa virusi, ndipo nilipoleta elimu yangu ya chuo kikuu. Simu zetu zinasikika hadi barabarani, nikasema, basi majibu yakija virusi tuviite ng'ombe. Nani atashangaa watu wa Tarime wakiongea habari za ng'ombe? Muuguzi alicheka, akakubali. Majibu ya kwanza alimpigia kaka mwenyewe: "Ng'ombe wako ni wengi mno, baba." Jirani aliyekuwa amekaa naye akasikia. Kesho yake alikuja kuomba ndama.

Ikafuata miezi mitatu ya kumeza bila kuruka hata siku moja, kisha kipimo cha pili.

"Mura," kaka aliniambia, kama wanaume wa huku tunavyoitana, "nimemeza kama mtoto anayechungwa. Wakiwa bado wengi, usinipeleke tena. Nitajua dawa imenikataa."

Nimeandika makala nyingi kuhusu subira. Siku ile sikukumbuka hata sentensi moja.

Simu ilikuja asubuhi nikiwa kwake likizo. Mtandao mzuri unapatikana juu ya kichuguu kilicho kando ya zizi, nikakipanda na kandambili zangu.

"Baba, unanisikia?" Alikuwa muuguzi. "Ng'ombe hawaonekani!"

"Hawaonekani?"

"Hata mmoja! Mwambie asiache kumeza!"

Natamani niseme nilishuka taratibu, nikaenda kumnong'oneza. Lakini kaka alikuwa upande wa pili wa shamba la mahindi, nami furaha ilikuwa imenifika kooni. Nikainua mikono yote miwili. "Kaka! Ng'ombe hawaonekani! Hata mmoja!"

Aliyekulia huku kwenye wizi wa mifugo anajua kilichofuata. Yowe la kwanza lilitoka kwa jirani wa bondeni, la pili likaitikia kilimani, na kabla sijapata kandambili iliyodondoka, uwanja ulikuwa umejaa mikuki, marungu, pikipiki mbili na mama mmoja mwenye mwiko. Kaka naye alitokea mbio kutoka kwenye mahindi, anacheka huku machozi yanamtoka, maana yeye alikuwa ameelewa.

"Wamepita upande gani?" mwenyekiti wa kitongoji aliuliza, anahema.

Nyuma yake, zizini, ng'ombe sita wa kaka walikuwa wanacheua.

Tata mmoja, mzee mwenye upinde, akawahesabu kwa kidole. "Mbona wote wapo? Nani amepiga kelele?"

"Si huyo msomi!" alisema mwenye pikipiki. "Nimemshusha abiria njiani kwa ajili yake!"

Nilifungua mdomo ili nidanganye, sikupata uongo wa kutosha watu wote wale. Kaka akaingia ndani. Nikadhani amekimbia, na kwamba nimemharibia kila kitu siku ileile aliyoshinda. Akatoka na kopo, akalitikisa mbele yao kwa nguvu.

"Mnasikia? Hizi ni dawa za UKIMWI, ni zangu. Ng'ombe wanaosemwa ni wadudu wa kwenye damu. Wamepimwa, hawaonekani."

Nilisikia ng'ombe wakitafuna.

"Wamekufa?" tata akauliza.

"Hawajafa, tata. Wamejificha. Nikiacha dawa, wanarudi."

"Kama wezi."

"Kama wezi kabisa."

"Sasa wale wengi mno..." Alikuwa jirani wa ndama. "Ndio hao?"

"Ndio hao."

"Mungu wangu! Na mimi nikaomba ndama!"

Hapo watu walicheka mpaka mwenyekiti akaegemea mkuki wake. Shemeji akabandika sufuria kubwa ya chai. Wanaume wawili walisema wana haraka, wakaondoka bila kugusa kikombe. Kaka aliwaona, nami niliwaona. Wengine walikunywa, wakaomba sukari zaidi.

Kesho yake saa moja asubuhi jirani wa ndama alipita akipeleka mifugo yake malishoni. Akasimama kwenye uzio.

"Mura! Wameonekana?"

Kaka alikuwa mlangoni na kopo mkononi. "Hawajaonekana!"

"Meza nikuone!"

Akameza. Simu yangu ikalia mfukoni, kengele niliyoitega miezi mitatu nyuma ili nimkumbushe kaka dawa kila siku saa ileile. Nikaizima, kisha nikaifuta kabisa.