Glavu ya Mkono wa Kushoto

Kabla mkono wake wa kushoto haujafa ganzi, Leonardi alikuwa mtu wa soga. Alijulikana kijiji kizima, kile kijiji kipya kilichopangwa kwa mistari kando ya barabara ya Laela baada ya watu kuhamishwa kutoka mabondeni. Alilima mahindi na ulezi, hakukosa misa, alinung'unikia mikutano ya kijiji kama wenzake, na akicheka alisikika hadi kwa balozi. Kisha siku moja aliipua sufuria ya maharage kwa mkono mtupu, akaitua chini taratibu kama anayeweka kitoto kulala, akaona mkewe, Fransiska, amemkodolea macho. Kiganja kilikuwa kimeanza kuvimba malengelenge. Yeye hakuwa amesikia kitu.

"Kumbe nimeolewa na mhunzi!" Fransiska alisema, akacheka.

Leonardi naye alijitia kucheka. Lakini alikuwa ameshaliona baka lililopauka nyuma ya kiganja kile, karibu na kifundo, na alijua jina lake hata kabla hajathubutu kulitamka. Ukoma. Baba yake mdogo, Eustace, aliuugua walipokuwa bado kijiji cha zamani. Alijengewa kibanda chake peke yake, akapewa bakuli lake peke yake, na chakula alisukumiwa kwa mti mrefu. Leonardi alikuwa kijana wakati huo, na mti ule aliushika yeye.

Basi akaogopa, na hofu yake haikuwa ya kitoto. Malengelenge yalipopona aliufunga mkono kitambaa, akasema amejikata na jembe. Kitambaa kilipochakaa alilipaka baka masizi na mafuta. Aliacha kumbeba binti yake, Kalista. Usiku alilala akiupa ukuta uso, mkono ule ameulalia. Watu wakiulizana kwa nini siku hizi Leonardi hasemi, yeye alikuwa anapiga hesabu ya nani amemtazama vidole.

Nyuma ya kambi ya wajenzi wa barabara, Wazungu walikuwa wamechimba vishimo kwenye uwanda wa nyasi, wakawa wanapiga kimpira kwa fimbo za chuma na kukifuata kwa miguu. Gofu, waliita. Mtu aliyeshinda akifyeka hawezi kuuelewa mchezo huo, na mimi simlaumu. Jumamosi Leonardi alimbebea mkoba wa fimbo mhandisi mmoja ambaye wafanyakazi walimpachika jina la Bwana Changarawe, kwa vile hakuna lori la changarawe alilolipokea bila kugombana. Huko ndiko Leonardi alikoona jambo lililomfanya ameze mate. Wachezaji walivaa glavu moja tu, nayo ya mkono wa kushoto, na hakuna aliyewauliza inaficha nini.

Akaitamani glavu ile kuliko alivyowahi kutamani kitu chochote.

Bwana Changarawe alipokaribia kurudi kwao, aliwaita wabeba mikoba, akafungua sanduku la glavu mpya, nyeupe pe, kila moja imebanwa na pini kwenye karatasi ngumu. Kila mtu achague ya kwake, alisema, lakini achague kwa akili.

"Glavu si gunia," alisema kwa Kiswahili chake cha kambini. "Inakaa kama ngozi. Hapa kiganjani, hapana mikunjo. Hapa kwenye ncha, hapana nafasi. Kunja ngumi. Ikibana, rudisha. Ikilegea, rudisha."

Kumbe ili mtu apewe cha kuficha mkono, lazima kwanza autoe hadharani! Leonardi hilo hakulifikiria. Adolfu, mbeba mikoba mwenzake, alikwisha kuvuta ya kwake na kuinua mkono kama anayebariki watu, wenzake wanamcheka. Kando, juu ya pipa, alikaa Anyosisye, mganga wa zahanati ya kambi, kijana mpole kutoka Rungwe, akitazama tu. Leonardi alimwogopa huyo kuliko wote. Alitoa mkono wake uliopakwa masizi, akaomba Mungu jasho lisiuoshe.

Glavu ya kwanza ilikuwa kubwa, ikacheza kwenye vidole. Ya pili iliingia kwa shida, ikakaa. Bwana Changarawe alichomoa pini mbili, akafunga kishikizo cha kifundoni, akambinya kila ncha ya kidole, akapitisha gumba kwenye kiganja. Hapakuwa na mkunjo.

"Inabana?"

"Haibani, bwana."

"Kunja."

Leonardi akakunja, akakunjua, akakunja tena kwa nguvu ili aonekane ameridhika. Moyoni alishaanza kushukuru. Ndipo akaona wenzake wanautazama mkono. Kwenye kidole cha shahada, juu ya weupe ule, palikuwa na doa jekundu, nalo lilikuwa likikua.

Bwana Changarawe aliivua haraka. Pini ya tatu ilikuwa imesahaulika ndani, na sasa ilisimama kwenye nyama chini ya ukucha. Leonardi aliitazama. Akawatazama watu. Kisha akakumbuka, akapiga ukelele, "Yalaa!"

Ukelele ulichelewa. Adolfu aliangua kicheko, Bwana Changarawe akampiga begani kwa kumsifu kuwa ni mwanaume kweli, akampa nyingine ya saizi ileile. Anyosisye hakucheka. Alishuka taratibu kutoka juu ya pipa.

Leonardi hakusubiri kuagwa. Alikata njia katikati ya matuta ya watu, glavu kwapani. Aliposikia kengele ya baiskeli nyuma yake hakugeuka. Kengele ikaendelea kumfuata mpaka uani kwake, ambako Fransiska alikuwa anatandaza ulezi kwenye mkeka.

"Mama, shikamoo," Anyosisye alisema. Kisha, kwa sauti ya chini, "Baba Kalista, naomba nione mkono."

"Usiseme," Leonardi alimnong'oneza. "Nakuomba, Daktari. Usiseme hapa."

"Siku hizi kuna vidonge. Utavila hapahapa kwako, na vidole vyako vitabaki. Hakuna wa kukuhamisha. Lakini lazima mama ajue."

Leonardi akasema mwenyewe, akitazama chini. Alipomaliza alisubiri kusikia miguu ya mkewe ikiingia ndani kufunga nguo. Fransiska alisimama pale pale, mikono imejaa punje.

"Kumbe ndiyo maana," alisema. "Mwanaume unanipa mgongo miezi yote hii! Mimi nikadhani una mwanamke Laela."

Leonardi alitaka kucheka, kikatoka kilio. Hakuwa amelia mbele yake tangu wafunge ndoa. Fransiska aliuchukua mkono ule, akaufuta masizi kwa pembe ya khanga, akauacha ndani ya mikono yake miwili.

"Nyumba nzima napima," Anyosisye alisema, akitoa pamba mfukoni. "Unafumba macho. Nikikugusa, unaonyesha kwa kidole ni wapi."

Kalista alianza. Akaguswa shavuni, akaonyesha shavu. Akaguswa goti, akaonyesha goti, akasema inatekenya, akakimbilia kuku. Leonardi alivuta pumzi iliyomfika tumboni.

Zamu ya Fransiska. Aliketi kwenye kinu kilicholazwa, akavuta khanga hadi magotini, akafumba macho huku akitabasamu. Aliguswa mkono, akaonyesha. Aliguswa shingo, akaonyesha. Anyosisye akainama, akapitisha pamba kwenye muundi wa mguu wa kulia, pale palipopauka kidogo ambapo siku zote walisema ni vumbi. Akairudisha pamba. Akaipitisha tena.

Leonardi alimtazama mkewe usoni, akingoja kidole kiende.

"Haya basi, Daktari, nigusie hiyo miguu," Fransiska alisema, macho kayafumba vilevile. "Ulezi wangu unaliwa na kuku."