Mawe Yaliyokula Dagaa

Siku yangu ya kwanza kazini nilipewa brashi ya kufulia na lundo la mawe. Nilikuwa nimevaa sketi ya kanisani, maana mtu akiambiwa anaanza kazi kwenye hoteli kubwa mjini Arusha, anawaza vitambaa vyeupe na sinia. Mkuu wa Bustani alinipitisha nyuma ya jiko, akanionyesha mawe meupe yenye matundu matundu, akasema, "Haya ndiyo yako, mama. Sugua." Nikasugua. Jioni sketi ile haikufaa tena hata kwa shamba.

Soko huria ndiyo kwanza lilikuwa linaingia. Rafu za maduka zilizozoea kukaa tupu zilianza kujaa, watalii waliongezeka, na Meneja Mkuu, ambaye bado alikuwa mtu wa shirika la umma, aliamua ukumbi wa mapokezi uwe na tangi la kioo lenye samaki wa baharini. Samaki wa baharini, chini ya Mlima Meru! Akaletwa Fundi wa Samaki kutoka Tanga, mzee mwembamba, mpole kwa samaki na mkali kwa watu. Yeye ndiye aliyenifundisha kazi, na hakuna bosi aliyenichosha kama yeye.

Mawe yale yalikuwa matumbawe yaliyokufa zamani yakakauka. "Jiwe kavu ukilitia kwenye tangi pamoja na samaki, samaki wanakufa," Fundi alinieleza. "Uchafu wa samaki unatoa amonia, na amonia ni sumu. Jiwe likiiva, ndani ya matundu yake wanaishi bakteria wanaoila ile sumu. Kwa hiyo tunaliivisha kwanza."

Kuivisha ndilo neno tulilotumia, ingawa hakukuwa na moto. Unasugua jiwe, unaliloweka kwenye maji yasiyo na chumvi, unamwaga, unaloweka tena. Kisha unalihamishia kwenye pipa la maji ya chumvi lenye hita na pampu ya kuzungusha maji, unafunika kwa turubai ili jua lisioteshe utando wa kijani, halafu unasubiri. Kusubiri ndiko kulikonimaliza nguvu. Mwanzoni mawe yananuka mayai viza, na harufu ile inaingia kwenye nywele. Wapishi waliniwekea sahani yangu nje, kwenye ngazi.

Maji ya bomba Fundi aliyakataa katakata. "Mama Anaeli, hebu cheka," aliniambia. Nikacheka. Akayatazama meno yangu, ya kahawia kama ya Wameru wengi tuliokulia maji ya mlima huu, yenye madini ya floridi. "Maji yaliyofanya hivyo meno ya mtu siyatii kwenye mawe yangu." Niliudhika, nikamnunia siku kadhaa, lakini alichosema kilikuwa kweli. Tukawa tunakinga maji ya mvua kutoka kwenye mabati na kuchanganya humo chumvi maalumu iliyoletwa kwa ndoo kutoka nje.

"Nitajuaje yameiva, Fundi?" nilimuuliza.

"Yataacha kunuka uvundo, yatanuka bahari."

"Bahari sijawahi kuiona."

"Basi utaijua kwa pua."

Asubuhi moja nilifunua turubai, uvundo haupo. Kulikuwa na harufu nyepesi, ya chumvi na ya kitu kibichi, nisiyoijua. Nilimwita Fundi, akainama, akanusa, akaenda zake kuswali. Samaki wakaingia kwenye tangi, wageni wakapiga picha, nami nikapewa koti la bluu na cheo cha Mtunza Tangi. Nilikipenda cheo kile kuliko ninavyoweza kueleza.

Hakikudumu. Mashirika ya umma yalianza kuuzwa, na hoteli yetu ikauzwa pia, ikafungwa kwa ukarabati. Afisa Utumishi alituambia tukasubiri nyumbani, atakayehitajika ataitwa. Fundi alirudi Tanga na samaki wake. Siku ya kuagana nilimpa shikamoo, akaniitikia na kuniambia, "Mawe yakikauka yanakufa. Ukiyatunza hai, mwenye hoteli mpya atakuhitaji." Neno hilo nililishika. Umri wa kuanza kazi nyingine ulikuwa umenipita. Nisipoitwa, ndiyo imetoka hiyo. Nikaomba ruhusa kwa Afisa Utumishi, nikayapeleka mawe kwangu Kikatiti, kwenye pipa nyuma ya nyumba.

Pasipo samaki, bakteria wa kwenye mawe hawana chakula. Ikabidi niwalishe. Kila nilipopika dagaa nilitenga vichwa, nikavitwanga, nikavitia kwenye pipa. Umeme ulikuwa wa mgao, kwa hiyo badala ya pampu niliyakoroga maji kwa mwiko wa ugali, bega likiuma. Ubaridi wa Julai ulipofika, nilizungushia pipa blanketi letu. Mume wangu, fundi baiskeli wa sokoni Kikatiti, aliyaita mawe wageni.

"Wageni wako wamekula?" alikuwa akiniuliza kila jioni.

"Wamekula."

"Na sisi je?"

Jirani alikuja kuomba maji ya chumvi kwa ajili ya ng'ombe wake. Nilipomnyima aliacha kunisalimia. Niliona aibu, lakini nilikuwa nimechoka mno kubembelezana na mtu.

Hatimaye lilikuja lori, na Meneja wa Ukarabati wa hoteli, kijana mwenye viatu safi. Aliinama juu ya pipa, akanusa, akatabasamu. "Mama, haya yako hai kabisa! Kazi nzuri sana. Tunayachukua."

"Na mimi naripoti lini?"

Tabasamu likamfutika. "Tangi litahudumiwa na kampuni, mama. Kwenye muundo mpya nafasi yako haipo."

Hivyo mawe yakaajiriwa tena, mimi nikastaafu.

Vibarua walianza kuyarusha kwenye lori, juani, bila kitu juu. Hasira ilinipanda mpaka masikioni. Ningenyamaza tu, wasingefika nayo Arusha yakiwa hai. Niliwasimamisha, nikaleta magunia, nikayachovya kwenye pipa na kuyafunika mawe vizuri, kona hadi kona.

"Unawasaidia hao?" mume wangu aliuliza.

"Hao siwasaidii," nilimjibu. "Nayasaidia mawe."

Vijana mnaoanza kazi leo mnaniuliza kama najuta. Sina nguvu ya kujuta. Niliumia, na bado nikilikumbuka lori lile naumia. Ninachowaambia ni kwamba kazi mnayoitunza hailazimiki kuwatunza ninyi, na hilo mlijue mapema, lakini jiwe halina kosa. Bahari mpaka leo sijaiona. Harufu yake naijua.

Pipa tunakingia maji ya mvua ya kufulia. Jana nilikuwa nachambua dagaa mlangoni, mume wangu akanitazama. Nilipoangalia chini nikaona nimetenga vichwa pembeni, kwenye kibakuli chao.

"Mama Anaeli," akasema taratibu, "wageni wako walishaondoka."