Mwaka Ule Baada ya Makombe Mawili

Mnisamehe kwanza kwa herufi zangu zilizopinda na makosa ya maandishi. Niliishia darasa la sita, na mkono wangu unaandika polepole. Lakini jana nilipita kwenye uwanja wa basketi hapa Uvira, nikakuta wamama wameanika mihogo juu ya saruji, hadi chini ya kikapu. Nikasimama. Utoto wangu wote ukarudi.

Timu yetu ilikuwa imechukua kombe miaka miwili mfululizo. Kaka yangu mkubwa, niliyemwita yaya, alikuwa kapiteni. Baada ya kila mechi wachezaji walishuka ziwani kuoga, kisha wakaja kwetu, nywele zikitona maji, wakakaa kwenye mkeka mmoja kula bugali na ndagala, visamaki vya ziwani, alizopika nyanya, bibi yetu. Miguu mirefu ilijaza nyumba, hukuona pa kupita.

Baada ya kombe la pili, timu kubwa za Bukavu na za Bujumbura, Buja tunavyoiita, zikaja kuchukua wachezaji. Waliondoka mmoja mmoja. Yaya alikataa. Alimwambia nyanya: "Kama tunabakia mu divisheni ya kwanza, minye nabakia hapa. Tukishuka, hakuna tena mshahara. Nitaenda Buja." Tangu siku hiyo sikuona tena basketi kama mchezo.

Timu ikajazwa wachezaji wapya, wakashindwa, wakashindwa tena. Vijana waliokaa juu ya ukuta wa uwanja walipiga kelele: "Machampioni! Mutuazime ile kombe, tuchotee maji!" Wachezaji wapya waliona haya kuja kula, wakawa wanapita njia ya nyuma ya soko. Siku moja nyanya aliwafuata mwenyewe, kitenge begani. "Weye, na weye, mukuje! Minye sikupikia kombe, nimepikia watu." Wakaja wachache, wakala. Nilisikia meno yao tu, na mawimbi.

Mechi ya mwisho, ile ya kuamua kama tunashuka, muda ulikuwa umekwisha na tulikuwa nyuma kwa pointi moja. Yaya alikuwa amechezewa vibaya, akapewa kutupa mara mbili bila mtu kumzuia. Nilifumba macho. Mpira wa kwanza uligonga chuma. Wa pili pia. Nilijua kwa namna watu walivyonyamaza.

Wengine walililia divisheni. Mimi nililia kwa sababu ya Buja. Asubuhi yaya alinishika kichwa, akasema, "Usikie maneno ya nyanya, mudogo wangu," akapanda pikipiki kwenda mpakani, njia ya Buja.

Sasa nyanya hayuko tena. Yaya ana watoto kule, na akipiga simu tunaongea juu ya mvua na bei ya samaki. Makombe sijui yako kwa nani.

Labda wewe unayesoma ulikuwa mchezaji, timu yako ikashuka, ukahamia mbali. Niandikie, hata mistari michache. Siku za kwanza kule, ulikuwa unamwaza mdogo wako aliyebaki nyumbani? Yaya sijawahi kuthubutu kumuuliza.